Nyuralijia ya trijemino: maumivu ya neva yanayodhaniwa kuwa jino

Jino linang'olewa, maumivu yanabaki. Linang'olewa la pili, na bado mgonjwa amelishika shavu lake vilevile. Wengi wenye nyuralijia ya trijemino wamepita njia hii kabla ya kuambiwa wanaumwa nini, na kinachosikitisha ni kwamba mara nyingi meno yaliyotolewa yalikuwa mazima.

Trijemino ni neva ya tano kati ya jozi 12 zinazotoka moja kwa moja kwenye ubongo. Kila upande wa uso una yake, yenye matawi matatu: moja la paji la uso na jicho, jingine la shavu na ufizi wa juu, la tatu la taya la chini. Ndiyo inayopeleka hisia za uso kwenye ubongo. Ikipata hitilafu, ubongo hupokea habari kwamba jino linauma, ingawa jino halina kosa.

Mara nyingi hitilafu husababishwa na mshipa wa damu ulioegemea neva karibu na shina la ubongo. Mshipa huo hudunda pamoja na moyo, usiku na mchana, mpaka utando unaoikinga neva unachakaa. Utando ukishalika, hata mguso mwepesi hufika kwenye ubongo kama maumivu makali. Kwa wagonjwa wachache chanzo ni uvimbe ndani ya kichwa, au ugonjwa unaokula utando wa neva ndani ya ubongo na uti wa mgongo.

Wagonjwa husema maumivu haya ni kama kupigwa shoti ya umeme usoni. Huja ghafla, upande mmoja, hudumu sekunde chache au hadi dakika mbili, kisha hukatika. Kinachoyaamsha ni mambo madogo kabisa: kupiga mswaki, kunawa uso, kunyoa ndevu, kutafuna, kuongea, upepo wa bodaboda. Yanaweza kurudi mara nyingi kwa siku moja, halafu yakapotea kwa wiki au miezi.

Kule kupotea ndiko kunakowachanganya walio nyumbani. Jana mama alikuwa anacheka na wajukuu, leo hataki kusemeshwa, chakula hakigusi, amejifunika mtandio mpaka machoni. Uso hauna jeraha wala uvimbe, basi wengine wanaona anadeka au ana kiburi. Wakati huo yeye anapungua mwili kwa kuogopa kutafuna, na hata shoti isipokuja anakaa akiisubiri. Hofu hiyo nayo ni sehemu ya ugonjwa, na huweza kumfikisha mtu kwenye sonona. Ugonjwa huu huwapata zaidi wanawake, na zaidi waliovuka miaka 50, yaani watu ambao malalamiko yao huwa tayari yameshapewa jibu: "ni uzee huo."

Panado na diklofenaki hazifui dafu hapa. Dawa inayoanza kutumika ni karbamazepini, ambayo imetumika kwa maumivu haya tangu miaka ya 1960. Ni dawa ya kifafa, na hapo ndipo matatizo mengine huanza: ndugu anasoma maelezo ya dawa, anashtuka, anauliza tangu lini dada yake ana kifafa, na vidonge vinawekwa kando. Hana kifafa. Dawa ileile inayotuliza neva za ubongo hutuliza na hii ya uso.

Ina masharti yake, nayo si ya kupuuzwa. Dozi huanza ndogo na kupandishwa polepole, kwa sababu huleta usingizi na kizunguzungu. Upele ukitokea, rudi hospitali siku hiyohiyo. Isiachwe ghafla bila daktari kujua. Anayetumia ARV au vidonge vya uzazi wa mpango lazima aseme, maana karbamazepini hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa hizo.

Dawa zikishindwa, upasuaji upo: daktari huutenganisha mshipa na neva kwa kuweka kipande kidogo laini katikati. Aliyeueneza upasuaji huu ni daktari Peter Jannetta wa Marekani. Ni kazi ya madaktari bingwa wa ubongo, kwa hiyo hupatikana hospitali chache.

Jino bovu nalo lipo, na daktari wa meno ndiye wa kuonwa kwanza. Lakini picha ikionyesha jino ni zima, usikubali ling'olewe kwa kubahatisha. Mweleze maumivu yanadumu muda gani, nini huyaamsha, na kama katikati yake unapumzika kabisa, kisha uombe rufaa kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Mgonjwa akiwa kijana, akiumwa pande zote mbili, au uso ukiwa na ganzi isiyoisha, kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya kichwa, kisicheleweshwe.