Trekta dogo likishindwa kuvuta, anza na tairi

"Shikamoo fundi. Nataka uifungue pampu uniongezee dizeli, halina nguvu."

Kijana huyo alitoka Ndanda, na trekta aliloniletea gereji hapa Masasi ni dogo la mtumba kutoka Japani, farasi 15, lile ambalo wenzetu wa Ulaya na Marekani wangeliita trekta la bustani. Yeye na rafiki yake mwenye trekta kama hilo wamekubaliana kushindana kuvuta kiangazi hiki. Wameona kwenye simu Wamarekani wakishindanisha vitrekta vyao, na mbele ya trekta lake kijana alikuwa amefunga ndoo ya zege, kama alivyoona kwenye video. Nilimjibu kwamba pampu sitaigusa mpaka tupime. Hakufurahi. Naandika haya kwa ajili yake na kwa wengine wanaonipigia simu na ombi lile lile, wengi wao wakiwa na matela ya mchanga, maji au korosho na si mashindano.

Mchezo wenyewe uko hivi. Trekta hufungwa kwenye sleji ambayo mbele ina bamba la chuma linaloburuzika ardhini, nyuma ina magurudumu, na juu yake kuna sanduku la vyuma vizito. Mwanzoni sanduku liko nyuma juu ya magurudumu, kwa hiyo sleji ni nyepesi. Kadiri inavyokwenda, mnyororo unaoendeshwa na magurudumu hayo hulisogeza sanduku mbele, bamba linazidi kukandamizwa, mpaka trekta linakwama. Aliyefika mbali zaidi ndiye mshindi. Kwenye mashindano makubwa ya Marekani, ambako chama cha kitaifa cha mchezo huu kilianzishwa mwaka 1969, uwanja kamili ni futi 300, karibu mita 91. Kabla ya kuvuta, trekta hupimwa pamoja na dereva wake, na kila daraja lina uzito usiovukwa. Kanuni hii ya uzito ndiyo inayofanya mchezo uwe wa mafundi: kilo zako zimehesabiwa, kilichobaki ni kuamua ziketi wapi.

Sasa suala la nguvu. Farasi 15 ni kilowati 11. Toa zinazopotea kwenye giabox na difu, zibaki 9 hivi. Kwa gia ya kwanza, trekta likitambaa kilomita 1.5 kwa saa, kilowati 9 zinatosha kusukuma kwa nguvu ya zaidi ya tani mbili. Tani mbili, kwenye trekta lenye uzito wa nusu tani! Tairi litazunguka bure muda mrefu kabla injini haijachoka. Hata kwa kilomita 3 kwa saa injini bado ina nguvu ya tani moja na zaidi. Ni ukifika kilomita 10 kwa saa ndipo inabaki na kilo 330 hivi, na hapo, kwenye ardhi ngumu, injini inaanza kuwa kikomo. Kijana alikuwa anavuta gia ya kwanza kwenye mchanga. Dizeli zaidi ingemwongezea moshi na kasi ya tairi kujichimbia shimo.

Tulipima. Wakati huu si msimu wa korosho, kwa hiyo niliomba ruhusa ya kutumia mizani ya chini kwenye ghala la jirani. Magurudumu ya mbele yanapanda mizani, ya nyuma yanapanda mbao za kimo kile kile, dereva amekaa kitini, kisha unageuza. Mbao ni lazima, maana trekta likiinama upande mmoja namba zinadanganya. Tulipata mbele kilo 250, nyuma 300. Jumla 550.

Nguvu ya kuvuta tuliipima kwa mizani ya kuning'iniza, ile yenye uso kama saa, ya kilo 200. Haitoshi peke yake, basi tunatumia kapi. Mzigo unafungwa kwenye kapi, kamba inapita kwenye kapi, ncha moja inafungwa kwenye trekta moja kwa moja, nyingine inafungwa kupitia mizani. Kila upande wa kamba unabeba nusu, kwa hiyo unachosoma unakizidisha kwa mbili. Mzigo wetu ulikuwa bati nene la chuma lenye viroba vya mchanga, na kijana wa kuongeza viroba kila trekta linaposimama. Juu ya kamba tandika gunia zito lenye unyevu. Kamba ikikatika, gunia linaishusha chini badala ya kuiacha impige mtu usoni. Watazamaji wakae mbali, na asisimame mtu kwenye mstari wa kamba.

Kwenye mchanga mkavu wa mto Lukuledi mshale ulisimama kwenye 68. Kilo 136 tu, na tairi zikaanza kuchimba.

Hapa ndipo ndoo ya zege inapoingia. Ndoo ya lita 20 iliyojaa zege ni kilo 46 hivi. Kijana aliifunga sentimita 40 mbele ya ekseli ya mbele, na umbali kati ya ekseli mbili za trekta lake ni mita 1.2. Piga hesabu ya mzani wa watoto wanaobembea: ndoo hiyo inaongeza kilo 61 mbele, zaidi ya uzito wake wenyewe, kwa sababu inainyanyua sehemu ya nyuma kwa kilo 15. Alikuwa amebeba zege kutoka Ndanda ili apunguze mshiko wa tairi zinazovuta.

Wamarekani hawakosei. Viwanja vyao ni udongo wa mfinyanzi ulionyweshewa maji na kushindiliwa, tairi linashika sana, na trekta linapovuta kwa nguvu pua inanyanyuka. Wanahitaji chuma mbele. Mchanga wa Lukuledi, au mchanga mwekundu ulio huru wa Tandahimba na Newala, hauwezi kushika kiasi cha kunyanyua pua hiyo. Uzito wa mbele unakaa tu pale, haufanyi kazi.

Pua inanyanyukaje? Mzigo unavuta huku, yaani ndoano ya nyuma ya trekta, iliyo juu kidogo ya ardhi, na kile kimo ni wenzo. Zidisha nguvu ya kuvuta kwa kimo cha huku, gawanya kwa umbali kati ya ekseli: hizo ndizo kilo zinazohama kutoka mbele kwenda nyuma. Ukivuta kilo 200 kwa huku ya sentimita 33, zinahama kilo 55. Uhamaji huo ni mali, unakupa mshiko bila kuongeza uzito, na ndiyo maana kila mshindani hufunga huku yake kwenye kimo cha juu kabisa anachoruhusiwa. Kwenye sheria nyingi za trekta za bustani kimo hicho ni inchi 13, ambazo ni hizo sentimita 33. Ikizidi hapo inakuwa hatari ya kifo, nami nitaieleza.

Tuliing'oa ndoo mbele tukaifunga sentimita 30 nyuma ya ekseli ya nyuma. Mizani ikasema mbele 178, nyuma 372. Jumla ile ile, 550.

Kisha upepo. Tairi zilikuwa na PSI 25, ngumu kama gogo, zinagusa mchanga kwa utepe mwembamba katikati. Tulishusha hadi 10. Tairi likatandaza, kashata nyingi zaidi, yale meno ya tairi, zikaingia mchangani. Washindani wa Marekani wanashuka chini zaidi ya hapo, hata PSI 6, lakini wao huibana rimu isiteleze. Kwetu, tairi likiwa na tyubu, hatari ni rimu kuzunguka ndani ya tairi na kukata mdomo wa tyubu. Chora mstari wa chaki kutoka rimu hadi kwenye tairi. Vuta mara tatu, kisha tazama: mstari ukivunjika, ongeza PSI mbili. Na ukimaliza kuvuta jaza upepo kabla ya kurudi barabarani, maana tairi laini kwenye lami linapata joto na kupasuka ubavu.

Tukarudi mchangani. Mshale ukaenda 80, 90, ukasimama 100. Kilo 200 kutoka 136, pampu haijaguswa, hata kilo moja haijaongezwa. Kijana alishuka akaenda kuutazama mshale kwa macho yake, akarudi akaniomba tuvute tena.

Kwa anayevuta tela na si mashindano, ambaye hana kikomo cha uzito, hatua inayofuata ni maji kwenye tairi za nyuma. Nyanyua, geuza mdomo wa tyubu uwe juu, jaza mpaka maji yafike kwenye mdomo. Hiyo ni kama robo tatu ya tairi, na juu inabaki hewa ya kufyonza mishtuko. Kwa tairi zake ni lita 45 kila moja, yaani kilo 90 zikikaa chini kabisa mahali zinapotakiwa. Kwenye nchi za baridi huchanganya chumvi ya kalsiamu ili maji yasigande. Sisi hilo halituhusu, na wenzangu wa Mtwara mjini na Mikindani naomba msitumie maji ya bahari kwa sababu ni ya bure. Tairi lisilo na tyubu likijazwa maji hayo, rimu inaliwa.

Sasa hiyo hatari. Nilipokuwa kijana nilifunga mnyororo kwenye kiungo cha juu cha ile mikono mitatu ya nyuma inayobeba jembe, kwa sababu kilikuwa karibu na mkono wangu, nikavuta kisiki cha mwembe kwenye ardhi ngumu. Pua ilipaa. Nilibana klachi kwa bahati, magurudumu ya mbele yakaanguka kwa kishindo, na nilikaa chini ya mti nusu saa magoti yakitetemeka. Hesabu yake naijua leo. Kwa trekta la kijana huyu, huku ikiwa sentimita 33, pua haiwezi kupaa mpaka avute kilo 647, na tairi zake hazitafika huko hata kwenye changarawe ngumu. Huku ikipandishwa hadi sentimita 60, kilo 356 zinatosha, na hizo kwenye changarawe anazifikia. Trekta linapopinduka nyuma, una chini ya sekunde moja ya kubana klachi, na mtu aliyeshtuka hafanyi lolote kwa muda huo.

Kwa hiyo kabla ya siku yao nimempa masharti mawili, nikamwambia amfikishie na mwenzake. La kwanza, vyuma viwili vyenye vigurudumu vidogo nyuma, vya kuzuia trekta lisipinduke, vilivyochomelewa kwenye chesisi na si kwenye ndoano ya tela, na viweze kubeba trekta zima pamoja na dereva. Tutavijaribu kwa kulinyanyua trekta kwa jeki mpaka likae juu yake. La pili, waya wa kuzima. Injini ya petroli unakata umeme. Ya dizeli haizimiki hivyo, lazima waya uvute wenzo wa kufunga mafuta kwenye pampu. Ncha ya pili inashikwa na mtu anayetembea nyuma ya mzigo, pembeni ya kamba.

Waya wa breki ya baiskeli nilioujaribu jana ulinyooka, injini ikachelewa kuzima. Kesho nafunga wa klachi ya pikipiki na springi mpya, nimwite aje avute mwenyewe.