Je, wajua? Watoto wa Walenape, wenyeji asilia wa pwani ya mashariki ya Marekani, hujifunzaje lugha iliyokwisha kufiwa na mzungumzaji wake wa mwisho?

Sisi tukisema "nakupenda", tumekwisha kumtaja anayependa, anayependwa na pendo lenyewe, yote kwa neno moja. Walenape nao husema kwa neno moja: ktaholël. Ile k- ya mwanzo ni wewe, -ël ya mwisho yaonyesha kuwa mtendaji ni mimi, na kupenda kumekaa katikati. Lugha yao pia hugawa majina ya vitu mafungu mawili, vyenye uhai na visivyo na uhai, na kitenzi hufuata fungu la jina. Mti kwao umo katika fungu la wenye uhai. Aliyelelewa na ngeli za Kiswahili hawezi kuiona lugha hii ngeni sana, na ndiyo maana imenigusa.

Walenape ni wenyeji asilia wa nchi waliyoiita Lenapehoking: New Jersey yote, mashariki ya Pennsylvania, kaskazini ya Delaware na kusini ya New York, kisiwa cha Manhattan kikiwemo. Walikuwa na lugha mbili za ukoo mmoja, Kimunsee upande wa kaskazini na Kiunami upande wa kusini. Mzungumzaji wa mwisho aliyekua na Kiunami tangu utotoni alifariki mwaka 2002. Hakufia Lenapehoking. Alifia Oklahoma, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka pwani ya mababu zake.

Walifikaje huko? Hapa ndipo mtoto anapohitaji kuelezwa bila kufichwa. Mwaka 1737 wana wa William Penn, mwasisi wa koloni la Pennsylvania, walitoa hati ya zamani waliyodai inawapa ardhi kwa umbali ambao mtu angetembea kwa siku moja na nusu. Walenape walifikiri ni mwendo wa kawaida wa msafiri, anayepumzika na kula njiani. Wakoloni wakasafisha njia mapema, wakaajiri vijana watatu wenye mbio. Mmoja alikwenda kilomita zipatazo 100, na Walenape wakapoteza karibu ekari milioni 1.2. Huo ulikuwa wizi, na sioni sababu ya kuupa jina laini zaidi mbele ya watoto. Baada ya hapo ni kusukumwa tu: Ohio, Indiana, Missouri, Kansas, hatimaye Oklahoma. Wengine walikwenda Wisconsin, na wengine Ontario, Kanada, ambako Kimunsee kimebaki vinywani mwa wazee wachache mno.

Lakini wazee wa Oklahoma waliona mapema hatari iliyokuwa ikija. Nora Thompson Dean, aliyezaliwa mwaka 1907 na ambaye jina lake la Kilenape lataja majani yanayogusana, alifundisha lugha na desturi kwa miaka mingi na kukubali sauti yake irekodiwe. Mwenzake Lucy Parks Blalock naye alifundisha hadi uzeeni. Dean alifariki mwaka 1984, ila leo mtoto akifungua kwenye intaneti kamusi yenye sauti ya kabila la Delaware, jina walilopewa Walenape, akabonyeza neno, husikia wazungumzaji waliokua na lugha hiyo wakilitamka. Anahesabu pamoja nao: kwëti, nìsha, naxa, newa, palenàxk. Anasema wanishi, yaani asante. Kitabu peke yake kisingefaa kitu hapa, kwa kuwa matamshi hayasomeki, husikika.

Na si maneno tu. Kuna pahsahëman, mpira wa Walenape unaochezwa majira ya kuchipua, wanaume dhidi ya wanawake. Mpira wenyewe ni wa ngozi ya paa, umejazwa manyoya. Wanaume huruhusiwa kuupiga kwa mguu tu. Wanawake waweza kuubeba, kuurusha na kukimbia nao. Mchezo huu ungali unachezwa Oklahoma, na kwa maoni yangu ndiyo somo bora la kwanza kwa mtoto yeyote, awe Mlenape au la.

Nasema hivyo kwa sababu shuleni kwingi somo huanzia mwaka 1626, Waholanzi "wakinunua" Manhattan kwa bidhaa za thamani ya gilda 60, na huishia papo hapo, kana kwamba wenyeji walipokea malipo wakayeyuka. Mara nyingine watoto huchorewa hata mahema ya ngozi, ambayo ni ya watu wa nyanda za mbali. Walenape walijenga nyumba za fito zilizopindwa na kuezekwa magome ya miti. Wangalipo hata leo: kabila la Delaware lina makao yake Bartlesville, na Taifa la Delaware liko Anadarko, miji yote miwili ya Oklahoma. Hata jina hilo Delaware si lao, ni la lodi wa Kiingereza, De La Warr, aliyekuwa gavana wa Virginia. Wao hujiita Lenape, yaani watu halisi.