Je, wajua ni kwa nini 4,294,967,297 si namba tasa?

Chukua 3. Toa 1, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha ongeza 1: unapata 5. Ifanyie 5 vivyo hivyo upate 17, halafu 257, halafu 65,537. Zote tano ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse nchini Ufaransa, aliandika kuwa anaamini mfululizo huu hauzai ila namba tasa, ingawa alikiri hana uthibitisho.

Inayofuata ni 4,294,967,297, ambayo ni 2³² + 1. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler, akiwa Saint Petersburg nchini Urusi, alionyesha kwamba ni 641 × 6,700,417.

Bila kompyuta! Kuijaribu kwa kila namba tasa iliyo chini ya 65,536 ni kugawanya mara 6,542 kwa mkono. Lakini kuna njia ya mkato, aliyokuja kuieleza Euler mwenyewe baadaye, na siri yake imo kwenye mabaki. Tuseme namba tasa p inaigawa 2³² + 1 kamili. Basi 2³² yenyewe, ikigawanywa kwa p, imepungukiwa na 1 tu. Tuseme baki lake ni −1. Zidisha −1 kwa −1: 2⁶⁴ inabakiza 1. Kwa hiyo ukipanda 2, 4, 8, 16 na kuendelea, mabaki hurudi kwenye 1 kila baada ya hatua 64, wala si mapema zaidi, maana mzunguko mfupi ungeifanya 2³² nayo ibakize 1. Sasa ipo kanuni kwamba kwa namba tasa yoyote p iliyo witiri, 2 ikipandishwa kipeo cha p − 1 hubakiza 1. Basi p − 1 lazima igawanyike kwa 64.

Angalia mzigo ulivyopungua: 65, 129, 193, 257... Ukiziacha zisizo tasa, wa kujaribiwa ni 193, 257, 449, 577, na wa tano ni 641.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba kanuni hiyo ya mabaki ni ya Fermat huyohuyo, tena aliiandika mwaka uleule wa 1640. Ufunguo ulikuwa mkononi mwake.

Unaweza kulihakiki jibu bila hata kugawanya. 641 ni 5 × 2⁷ + 1, kwa hiyo 5 × 2⁷ inabakiza −1, na ukiipandisha kipeo cha nne, 625 × 2²⁸ inabakiza 1. Lakini 641 ni pia 625 + 16. Basi mbele ya 641, namba 625 ni sawa na −16, yaani −2⁴. Iweke mahali pake: −2³² inabakiza 1, na 2³² + 1 haibakizi kitu.

Tangu hapo, katika mfululizo huu hakuna namba tasa nyingine iliyopatikana baada ya 65,537.