Kompresa ya AC ya mtumba haifi kwa sababu tu ni ya mtumba

Mtu kanunua kompresa ya mtumba ya AC ya gari, ile pampu inayosukuma gesi ya kupozea, Gerezani kama yuko Dar, au Barabara ya Kirinyaga kama yuko Nairobi. Kafungiwa, AC imepuliza baridi wiki mbili tatu, kisha kelele zile zile zimerudi. Lawama zote zinamwangukia muuza spea. Mara nyingi anaonewa.

"Kompresa ikifa, unabadilisha kompresa, basi."
Hakuna dhana inayokula pesa za watu kama hii. Kompresa inapokwama huwa imejisaga ndani, na unga wa chuma na aluminiamu unasafiri na oili hadi kwenye kondensa (redieta ya AC), draya (kinasa unyevu) na valvu ya upanuzi (ile yenye kitundu chembamba cha kupitishia gesi). Itoe valvu hiyo uitazame kwenye mwanga: kitundu chake utakikuta kimezibwa na uji mweusi unaometameta. Ukifunga kompresa nyingine juu ya uchafu huo, iwe ya mtumba au mpya kutoka kwenye boksi, nayo itasagwa.

Paipu na evaporeta (ile inayopoza hewa ya ndani ya gari) huoshwa kwa dawa ya kusafishia, kisha hupulizwa kwa naitrojeni hadi zikauke. Kondensa ni habari nyingine. Za magari mengi ya siku hizi zina vijia vyembamba mno, na chembe zikishanasa humo hazitoki hata uoshe kutwa nzima, kwa hiyo hubadilishwa. Draya nayo usiirudishe: punje zake kazi yake ni kunyonya unyevu, na mfumo ukishakaa wazi zinakuwa zimeshiba. Ukipiga hesabu ya kompresa, basi, weka na draya, valvu na pengine kondensa. Hapo ndipo wateja wengi hununa, na fundi mwoga huamua kunyamaza.

"Haishiki, kwa hiyo imekufa."
Inawezekana ni fyuzi, relei, au swichi ya presha iliyokata umeme kwa sababu gesi imepungua. Klachi ni sumaku ya umeme inayounganisha puli na shafti ya kompresa, na koili yake hupimwa kwa mita. Nyingi husoma ohm 3 hadi 5. Isiposoma kitu, imekatika, na koili huuzwa peke yake. Tena yapo magari ambayo kompresa yake haina klachi kabisa: puli na shafti huzunguka muda wote injini inapowaka, na valvu ya umeme ndiyo inayoamua isukume gesi kiasi gani. Fundi anayesubiri kusikia "tak!" kwenye gari la namna hiyo atasubiri sana.

"Ya mtumba ni bahati nasibu."
Bahati ipo, lakini mengi yanaonekana pale pale mezani kwa muuzaji. Usizungushe puli, maana puli ya kompresa yenye klachi itazunguka juu ya beringi yake hata kama ndani pameganda. Shika sahani ya mbele, ile iliyofungwa kwenye shafti, uizungushe hiyo. Iende kwa ulaini, bila kukwaruza wala kukwama mahali. Tazama matundu ya paipu kama yamezibwa. Iliyokaa wazi miezi kwenye hewa ya Dar imeshakunywa unyevu. Mwisho mimina oili kidogo kwenye karatasi nyeupe. Ikiwa angavu, endelea na mazungumzo ya bei. Ikiwa ya kijivu inayometa, au nyeusi yenye harufu ya kuungua, mrudishie mwenyewe. Namba ya kwenye kibandiko, plagi na mifereji ya mkanda vifanane na ile ya zamani.

"Oili ni oili."
Mifumo mingi ya gesi ya R134a hutumia oili ya PAG, na mnato wake umeandikwa kwenye kompresa au kitabu cha gari. Kwa gari la haibridi (petroli na umeme) kama Prius yenye kompresa ya umeme, PAG ni hatari: haizuii umeme inavyotakiwa, na humo ndani kuna volti zinazozidi 200. Hizo hutumia oili ya POE. Kazi hiyo si ya kila gereji, na wanaojidai wapo wengi.

"Gesi huisha kama petroli."
Haiishi. Imepungua kwa sababu inavuja, na kuongeza bila kutafuta tundu ni kununua kitu kile kile kila msimu wa joto. Kuiachia hewani kwa makusudi nako si jambo dogo: R134a ni mojawapo ya gesi zinazoongeza joto la dunia ambazo mataifa yalikubaliana kuzipunguza kule Kigali, Oktoba 2016.

Baada ya kufunga, mfumo uvutwe vakyum (hewa yote inyonywe) nusu saa au zaidi ili unyevu utoke. Ukibaki, huchanganyika na gesi na oili ukazaa asidi. Kisha gesi iingie kwa uzito. Stika iliyo chini ya boneti inataja gramu, na gesi ikizidi, presha hupanda na kuitesa kompresa uliyotoka kuinunua. Kabla ya kumkabidhi fundi funguo, muulize mizani yake iko wapi.