Maji ya Mwanza huchemka kwa nyuzi 96: kwa anayefikiria fizikia kidato cha tano

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, simu yangu haipumziki. Wazazi wa Igoma, Buswelu, hata Ukerewe, swali lao ni moja: "Mwalimu, mtoto kapata C ya fizikia. Aendelee nayo au aiache?" Mimi ni mkufunzi wa fizikia katika chuo cha ualimu hapa Mwanza, na kabla ya kujibu huwa nawasimulia habari ya maji ya moto.

Niliwahi kusimama nyuma ya darasa la kidato cha nne wakifanya jaribio la kuchemsha maji. Maji yakatokota, mvuke ukapanda, kipimajoto kikagota kwenye nyuzi 96. Karibu wote wakaandika 100, kwa kuwa ndivyo walivyokariri. Binti mmoja akaifuta 100 yake, akaandika 96, akanyoosha mkono: "Mwalimu, hiki kipimajoto ni kibovu?"

Kilikuwa kizima. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na sisi tumejenga juu ya mawe yanayolizunguka. Kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, hapa ni ndogo kuliko ya Tanga au Dar es Salaam, hivyo maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 100. Binti alikuwa amesoma sawasawa. Wenzake ndio waliopika data, kama wanafunzi wenyewe wanavyosema.

Naye alikuwa na C. Nilimshauri achague fizikia, na ningemshauri hivyo tena leo. Alama inaonyesha ulivyojibu mtihani siku ile. Haionyeshi kama ukikuta kipimo kinabishana na kitabu utauliza au utafuta.

Ila kuna jambo moja silifichi: hesabu. Fizikia ya kidato cha tano inakudai kokotoo (calculus) na vekta tangu muhula wa kwanza, na mwanafunzi anayeichukia hesabu atateseka miaka miwili. Anayeiogopa tu ni mwingine kabisa. Huyo akipata mtu wa kukaa naye jioni, woga hupungua. Wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) nao wasidhani wameikwepa, maana wanasoma BAM, somo la ziada la hesabu.

Halafu tazameni tahasusi nzima, yaani masomo matatu yanayochaguliwa pamoja, msitazame fizikia peke yake. PCM (fizikia, kemia na hesabu) ndiyo njia pana ya uhandisi. PGM (fizikia, jiografia na hesabu) humfaa anayependa upimaji ardhi au hali ya hewa. PCB ndiyo ya udaktari, na hapa ndipo ninapoona machozi kila mwaka: shahada ya udaktari wa binadamu katika vyuo vyetu inataka fizikia, kemia na biolojia ya kidato cha sita. Mtoto anachagua CBG (kemia, biolojia na jiografia) akiikimbia fizikia, anafaulu vizuri, kisha anagundua kwamba ndoto yake ya koti jeupe ilifungwa siku alipojaza fomu.

Kazi zenyewe tunaziona kwa macho. Pale hospitali ya Bugando saratani inatibiwa kwa mionzi, na kipimo cha mionzi hiyo kinakokotolewa na mtu aliyesoma fizikia. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, limesimama kwa hesabu za nguvu na uzito zinazoanzia darasani.

Kabla ya kuamua, ulizeni shule mtoto anayotaka kwenda kama maabara yake inatumika tangu kidato cha tano au hufunguliwa mtihani ukikaribia. Fizikia ya ubaoni peke yake ndiyo inayowavunja moyo wengi.

Na dirisha la kubadilisha tahasusi mtandaoni likifunguliwa, usimwachie kijana wa stesheneri akujazie huku foleni ikimsukuma. Keti na mwanao, muangalie kioo pamoja kabla ya kubofya. PCB na CBG zinatofautiana kwa herufi moja tu.