Kunywa Sana Bila Kulewa Si Uimara

"Mimi, daktari, huwa silewi. Namaliza chupa na narudi nyumbani kwa miguu yangu." Kauli hii naisikia kliniki karibu kila siku, na mwenye kuitoa huitoa kwa fahari.

Dhana: Asiyelewa haraka, pombe haimuathiri.

Inamuathiri, tena sana. Vipokezi vyake, yaani protini za kwenye seli za ubongo zinazopokea kemikali za kupashana habari, ndivyo vimebadilika. GABA, kemikali ya ubongo ya kutuliza, ikinasa kwenye kipokezi chake, mfereji hufunguka, ioni za kloraidi huingia na seli ya neva hutulia. Pombe huuzidisha utulivu huo. Papo hapo huvibana vipokezi vya NMDA, ambavyo kemikali nyingine, glutameti, huvitumia kuamsha seli. Ndipo ulimi unakuwa mzito, miguu haitii, na ya jana usiku hayakumbukwi.

Anayekunywa kila siku, ubongo wake hujirekebisha. Baadhi ya vipokezi vya GABA huondolewa kwenye utando wa seli, vingine hubadilishwa muundo visiitikie pombe kama zamani, na vya NMDA huongezeka. Sasa anahitaji pombe ili awe mtu wa kawaida tu. Mwambie anyooshe vidole asubuhi kabla hajazimua, uone vinavyotetemeka. Ini lake, wakati huohuo, halijapata kinga yoyote. Linaendelea kuhangaika na chupa nzima.

Kisha ndugu wanamfungia chumbani "aache kiume". Hapo ndipo subira hunishinda. Pombe imekatwa ghafla, lakini vipokezi vya NMDA vilivyoongezeka bado vipo na vya kutuliza ni pungufu. Mtetemo na jasho huanza ndani ya saa chache. Kifafa kinaweza kumwangusha ndani ya saa 48 za kwanza. Kati ya saa 48 na 96 wengine huchanganyikiwa, moyo huenda mbio, homa hupanda, na huanza kuona vitu visivyokuwepo. Arosto ya heroini inatesa, ila kwa kawaida haiui. Hii ya pombe inaua. Mnywaji wa kila siku aachishwe chini ya uangalizi, kwa dawa ya kutuliza iitwayo diazepamu au dawa za kundi lake, dozi ikishushwa taratibu. Na apewe thiamini, yaani vitamini B1! Manesi wamechoka kunisikia: thiamini itangulie dripu ya glukosi, au angalau ziende pamoja.

Dhana: Pombe huyeyusha utando wa seli za ubongo.

Hata wanasayansi waliwahi kuamini jambo la karibu na hili, tangu Meyer na Overton walipoonyesha, takriban mwaka 1900, kwamba dawa za nusukaputi zinazoyeyuka vizuri kwenye mafuta ndizo zenye nguvu zaidi. Lakini kiasi cha pombe kinacholewesha hulegeza mafuta ya utando kidogo mno, chini ya vile yanavyolegea joto likipanda nyuzi moja. Ingekuwa hivyo ndivyo tunavyolewa, kila mwenye homa angepepesuka. Mwaka 1997 watafiti walibadilisha asidi amino (vijenzi vya protini) mojamoja kwenye vipokezi vya GABA na vya glisini, kemikali nyingine ya kutuliza neva, na pombe ikashindwa kuviongezea nguvu. Inayoguswa ni protini, yaani kipokezi chenyewe. Spiriti ya asilimia 70 huvuruga utando wa bakteria, ndiyo. Damu ya mtu aliyelewa ina pombe kama asilimia 0.1.

Dhana: Pombe ni kichangamshi.

Hapana. Dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na raha, huongezeka, na seli zinazotuzuia kuropoka ni miongoni mwa zinazotulizwa mapema. Kelele yote inatoka hapo.

Dhana: Kahawa huondoa ulevi.

Kafeini ya kahawa huziba vipokezi vya adenosini, kemikali inayoleta usingizi. Pombe iliyo kwenye damu haiigusi. Unabaki mlevi aliye macho, na mlevi aliye macho ndiye anayedai funguo za gari.

Dhana: Kidonge cha usingizi juu ya pombe husaidia kulala.

Diazepamu niliyoitaja inashika kipokezi kilekile cha GABA. Hospitali tunaitoa tukihesabu pumzi za mgonjwa. Nyumbani, juu ya pombe, inaweza kuzisimamisha, na hakuna aliye macho wa kuzihesabu.