Sola au dizeli: mshindi wa jedwali bado hajashinda

Kamati ya maji ikikaa kuchagua pampu ya kisima kirefu, ubishi huwa ni ule ule. Sola ni ghali kununua ila jua ni la bure. Dizeli ni nafuu kuanza nayo lakini mafuta hayaishi kununuliwa. Kazi yangu ni kusaidia watu kupima maamuzi ya namna hii, na mara nyingi naletewa jedwali lenye mshindi tayari. Simkubali mpaka namba zake zitikiswe.

Tuchukue mfano, namba nimeziweka mwenyewe. Vigezo ni vitatu: bei ya kuanzia ina uzito wa 0.3, gharama za uendeshaji 0.4, urahisi wa matengenezo 0.3. Alama ni kuanzia 0 hadi 10, na 10 ndiyo nzuri kabisa: bei ikiwa nafuu, alama inapanda. Kwa mpangilio huo dizeli imepata 8, 3 na 8. Sola imepata 4, 9 na 5. Zidisha kila alama kwa uzito wake, kisha jumlisha: dizeli 6.0, sola 6.3. Wengi hufunga daftari hapo.

Lakini ile 5 ya matengenezo ya sola imetoka wapi? Injini ya dizeli fundi wa mashine ya kusaga anaimudu. Inveta ya sola, kifaa kinachobadili umeme wa paneli ili uendeshe pampu, ikiungua ni habari nyingine. Kama mjini kuna fundi na spea, sola inastahili 7. Kama hakuna, na akina mama wanarudi kuchota mtoni mwezi mzima, ni 3. Hiyo 5 ni wastani tu. Kijijini hali hiyo ya katikati haipo. Ukiweka 7, sola inapanda hadi 6.9. Ukiweka 3, inashuka hadi 5.7 na dizeli inaongoza.

Hapo ndipo kanuni za kufanya maamuzi zinapoachana njia. Mwanatakwimu Abraham Wald anataka uangalie hali mbaya kabisa ya kila chaguo, uchukue iliyo afadhali. Dizeli haishuki chini ya 6.0 (bei ya mafuta nimeituliza ili hesabu iwe fupi), sola inaweza kufika 5.7, basi ni dizeli. Mwanatakwimu mwenzake Leonard Savage, mwaka 1951, alipima majuto: umepungukiwa kiasi gani ukilinganisha na chaguo ambalo lingekufaa zaidi, kisha uchukue lenye majuto makubwa yaliyo madogo kuliko ya mwenzake. Ukichukua sola na fundi akakosekana, umepungukiwa 0.3. Ukichukua dizeli na kumbe fundi yupo, umepungukiwa 0.9. Kwa Savage, ni sola. Jedwali ni moja, majibu mawili, na hesabu zote ni sahihi. Kisima kikiwa ndicho chanzo pekee cha maji, mimi nasimama na Wald. Kukiwa na chanzo cha akiba, namfuata Savage.

Uzito nao una mtego. Peleka 0.4 kwenye bei na 0.3 kwenye uendeshaji, dizeli inashinda 6.5 kwa 5.8. Kwa hiyo siulizi kamati "kipi muhimu zaidi?" Kila mtu atajibu fedha, hata pale pampu zinapopishana bei kidogo tu. Nauliza hivi: "Mzee wangu, kushusha bei kutoka ya pampu ghali hadi ya pampu nafuu, au kupunguza kumsubiri fundi kutoka mwezi hadi siku mbili, tuanze na lipi?" Uzito unatoka kwenye jibu hilo. Njia ya mwanahisabati Thomas Saaty, AHP (Analytic Hierarchy Process), hulinganisha vigezo viwili viwili kwa kipimo cha 1 hadi 9, na uwiano wa mkanganyiko, yaani kipimo cha majibu yanavyopingana yenyewe kwa yenyewe, ukizidi 0.10 watu huulizwa upya. Naupenda ukaguzi huo, ingawa unaonyesha tu kwamba majibu hayagongani.

Kwa uzito wetu wa mwanzo, sola ikipata 4 kwenye matengenezo inafungana na dizeli. Uamuzi mzima umebaki kwenye alama hiyo moja. Basi kabla ya kupiga kura, kamati imtume mtu kwenye maduka ya spea mjini akaulize: inveta ya pampu hii ipo, ni bei gani, nani anaifunga, na anafika kijijini baada ya siku ngapi?